Benchi la Baba

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mimi nikiwa nimeketi na soja. Ilikuwa Agosti 2017, uchaguzi umekwisha lakini haujakwisha, na wauguzi wa hospitali za serikali walikuwa mgomoni tangu Juni. Tulikimbilia zahanati moja ya binafsi hapa Ruiru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simiti na misumari. Mke wangu alipokewa mlangoni, mimi nikaambiwa, “Mzee, wewe ngoja huko chini.” Huko chini palikuwa na benchi la mbao lililokosa mguu mmoja, limetegemezwa kwa tofali, na jiko la makaa, na redio ya soja iliyokuwa ikieleza kesi ya urais katika Mahakama ya Juu. Kama saa nane usiku nilisikia sauti ya mke wangu ikiniita kwa jina. Nikainuka. Soja akaninyooshea kikombe. “Kaa, mwalimu. Hayo ni ya akina mama.” Nikakaa. Saa kumi na moja alfajiri muuguzi akachungulia ngazini: “Baba mtoto, njoo ulipe. Ni kijana.”

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwasimulia wageni kisa hicho kama mtu aliyetimiza wajibu: nilikesha, nilipigwa na baridi, nililipa bili yote kwa M-Pesa, na chai ya soja nikainywa bila sukari. Wageni walicheka. Siku moja, katikati ya kicheko hicho, mke wangu aliinua macho kutoka kwenye sukuma aliyokuwa akiichambua, akasema bila hasira yoyote, “Kumbe ulikuwa hapo chini? Mimi nilidhani ulirudi nyumbani kulala.”

Hakuna aliyemwambia. Alijifungua akijua yuko peke yake, na mimi niko hatua chache chini yake, naota moto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wanaume wenzangu swali moja. Naishi Kimbo, upande wa Ruiru, na nafundisha Kiswahili Thika, kwa hiyo asubuhi na jioni niko kwenye matatu, na kwenye matatu nafasi ya kuuliza haikosekani. Mkeo alipojifungua, ulikuwa wapi? Langoni. Ndani ya gari la rafiki, nimelala. Kwenye baa iliyo mkabala na hospitali, “nikingoja simu”. Mmoja anayefanya kazi ya kiwanda Thika aliniambia simu zao hufungiwa kabatini zamu ikianza. Alijua yeye ni baba saa sita baada ya mtoto kuzaliwa. Karibu wote huongeza kwamba hawakuruhusiwa kuingia. Nikiuliza, “Uliomba?” mtu hutazama nje ya dirisha kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona barabara hiyo.

Na hawajakosa pa kujifichia. Kiswahili chenyewe kimewapa methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimeisikia mara nyingi ikitajwa kama cheti cha ruhusa. Wanasahau kwamba mzazi katika Kiswahili ni mama aliyetoka kujifungua, na pia ni baba.

Tusiwaonee wazee wetu, lakini. Zamani, katika nyumba za Wagikuyu, mume hakukaribia nyumba ya uzazi, na hakuna aliyemwona mzembe. Ndani kulikuwa na mkunga, mama mkwe, wake wa ndugu, majirani waliokwisha kuzaa mara saba au nane. Mmoja alishika mgongo, mwingine miguu, mwingine alikuwa jikoni. Mume alikaa nje akisikiliza vigelegele: ngemi tano ni mvulana, zikipungua ni msichana. Kisha kazi yake ikaanza, kwenda shambani kukata miwa ya mzazi. Mila ilimweka nje kwa sababu ndani palikuwa pamejaa.

Sasa tazama Ruiru. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 Thika. Mji tuliozoea kuuita wa njiani umeuacha mbali mji wa viwanda. Ni mji wa vyumba vya kupanga: ghorofa tano, sita, milango imetazamana, kamba za nguo zimejaa, na jirani unamjua kwa rangi ya ndala zake. Wengi wetu tumetoka Murang'a, Nyeri, Kisii, Machakos, Kakamega. Mama mkwe yuko saa tatu kwa gari, au usiku mzima. Dada wa mke ameajiriwa Nairobi. Chupa ya uzazi inapopasuka saa saba usiku katika chumba namba 4C, ndugu aliye karibu ni mmoja tu, naye anavaa suruali. Wanawake waliokuwa wamejaa chumba kile hawapo tena, lakini sisi tumebakia nje, tukingoja ngemi ambazo hakuna wa kuzipiga.

Je, mtu wa kukaa karibu ana faida gani, mbali na kufariji? Hili limechunguzwa. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwashika mkono mfululizo tangu uchungu hadi kujifungua walielekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na waliopasuliwa walikuwa wachache kuliko wale walioachwa wenyewe. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma za uzazi, likapendekeza kila mama awe na mwenzi wa kukaa naye leba, na likaongeza neno ambalo wanaume tusiliruke: mwenzi anayemchagua mwenyewe. Huenda ni mumewe, huenda ni mamake, huenda ni shoga yake.

Maelezo ya jambo hili si ya ajabu. Kazi ya kubana na kuachia mji wa mimba inaongozwa na homoni iitwayo oksitosini. Hofu nayo huleta adrenalini, ile inayomfanya mtu akimbie mbwa. Mwili wenye hofu hauna haraka ya kuzaa. Anayezaa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa na uchungu wa nguvu hadi saa kumi na mbili, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ana vitanda vinne au vitano vya kuzunguka. Atakupima, ataandika, ataondoka. Saa zinazobaki katikati ndizo zenye kazi, na hazihitaji cheti.

Nilikwenda kumwona mkunga mstaafu anayeishi Makongeni, Thika, mama aliyezalisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilidhani atanipongeza. Alinikaribisha chai, akanisikiliza nikimwaga takwimu zangu, halafu akasema, “Mwalimu, mkeo ni wako. Yule wa kitanda cha pili, wewe ni mwanamume wa nje.” Akanikumbusha jinsi wodi zetu zilivyojengwa: ukumbi mmoja, vitanda vimepangwa, pazia moja ambalo halifiki ukutani. Mwanamke wa kitanda cha pili yuko uchi, ana uchungu, labda ametoka ukoo au dini ambayo mwanamume asiye wake hamwoni hata nywele. Ruhusa yako ni aibu yake.

Hapo niliondoka nimenyamaza, na bado nafikiri hoja yake ni nzito kuliko visingizio vyote vya kwenye matatu. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama. Mwaka 2014, waliozalishwa na mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 62. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 89. Ni hatua kubwa. Lakini akina mama waliongezeka kuliko kuta. Ukitaka waume waingie leba, anza na fundi wa mbao na jasi: gawa vyumba. Hata pazia zito linalofika chini ni mwanzo.

Kuna na upande mwingine wa kuwavuta wanaume. Baadhi ya kliniki humhudumia kwanza mama aliyekuja na mumewe, na desturi hiyo ilipata nguvu wakati wa kampeni za kumkinga mtoto asiambukizwe virusi vya Ukimwi. Nia ni njema. Lakini nimemwona dada mwenye mimba ya miezi minane, aliyefika saa kumi na mbili asubuhi, akirukwa na wawili waliokuja saa tatu wakiwa wameshikana mikono. Kosa lake ni kwamba mume wake ni dereva wa lori na yuko Malaba. Huko Tanzania, katika baadhi ya sehemu, mama aliyekwenda kliniki peke yake alitakiwa kuwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa kueleza mume yuko wapi. Mimi ningemwacha mama apite, nikamtafuta mume jioni.

Maana kazi kubwa ya mume huanza kabla ya leba. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza vifo vya akina mama kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Wa tatu ni wa hospitali. Wa kwanza na wa pili, katika nyumba nyingi ninazozijua, umo mfukoni mwa mwanamume. Yeye ndiye mwenye pesa za gari, ndiye anayesema “tungoje kupambazuke”. Barabara kuu ya Thika ina njia nane na ilikamilika 2012, lakini kutoka ndani ya Mwihoko au Kihunguro hadi kuifikia wakati wa mvua ni habari nyingine, na mwenye boda anayekubali kubeba mwanamke mwenye uchungu gizani lazima awe anajulikana kwa namba ya simu, si kwa kutafutwa stejini saa nane.

Bima ni vivyo hivyo. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka, tumepewa SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa kipato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa kwa mwaka mzima kwa mpigo. Nayo huilipa hospitali shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Lakini mke asipokuwa ameandikishwa, au malipo yamekatika, mfumo hautamwonea huruma kwa sababu anasukuma. Nimewaona wanaume wakigombana na dirisha la malipo huku mtoto amekwisha kuzaliwa. Hilo lingefanywa mwezi wa tano wa mimba, umekaa kwenye kiti, simu mkononi.

Na likizo? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili kwa mshahara kamili. Walimu tunaipata. Vibarua wanaosimama langoni mwa viwanda alfajiri wakisubiri kuitwa, wanaolipwa kwa siku, wanaijua kama wanavyojua theluji ya Mlima Kenya: ipo, inaonekana kukicha vizuri, hawajawahi kuigusa.

Mimba ya pili ilikuja, na Februari 2025 tukajifungulia Thika. Nasema “tukajifungulia” na mke wangu ananikata jicho, ana haki. Kujifungua ni kitenzi cha mtu na nafsi yake. Hakuna wa kumfungulia. Safari hii, wiki chache kabla, muuguzi wa kliniki alituita waume sita katika chumba cha chanjo, tukaketi kwenye viti vya watoto magoti yakitugusa kidevu. Akatuonyesha kila kilichomo kwenye mkoba: leso mbili, beseni, sabuni, pedi kubwa za uzazi, nguo za mtoto, shali, kitabu cha kliniki. Akataja dalili za kukimbia bila kungoja asubuhi: damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, mtoto kuacha kucheza. Wawili kati yetu waliandika. Mimi, mwalimu, sikuwa na kalamu.

Uchungu ulimshika usiku wa Jumamosi. Hospitali ile ina vyumba vidogo, kitanda kimoja kila kimoja, na mke wangu alipoulizwa anataka nani, alinitazama kwa muda ambao niliuona mrefu mno. “Aingie,” akasema. “Akizimia mtoeni.”

Saa ya kwanza sikufaa kitu. Nilisimama kwenye kona, nikitazama saa, nikisema “pole” kila dakika hadi akaniambia ninyamaze. Ndipo sista akaingia, mwanamke mfupi mwenye sweta ya buluu, akanikuta hivyo. “Baba, hiyo mikono umeifunga ya nini?” Akamgeuza mke wangu, akamwegemeza mbele kwenye ukingo wa kitanda, akaushika mkono wangu wa kulia na kuuweka chini kabisa ya mgongo, juu tu ya makalio, pale kwenye mfupa bapa. “Hapa. Si kwa vidole. Tumia kisigino cha kiganja. Uchungu ukianza, sukuma. Ukiisha, achia.”

Nikasukuma kwa adabu. Mke wangu akasema, “Nguvu.”

“Wewe hujawahi kukanda chapati?” sista akauliza.

“Hapana.”

“Basi leo ndiyo unga.”

Nilikanda hadi saa tisa usiku. Unajifunza haraka. Uchungu hauanzi ghafla. Unaanza kwa pumzi, pumzi inakuwa fupi, mabega yanapanda, na hapo mkono wako uwe tayari umeshafika. Ukichelewa kwa kuhesabu mbili tatu, utaambiwa. Katikati nilimpa maji kwa mafunda madogo. Kila baada ya saa chache nilimshika kiuno tukaenda msalani, kwa sababu kibofu kilichojaa humzibia mtoto njia, jambo ambalo sikulijua katika miaka yangu arobaini na moja. Tulitembea kwenye ujia, yeye akining'inia shingoni, mimi nikikumbuka kwamba mara ya mwisho tulipocheza hivi ilikuwa harusi ya mtu. Mikono ilinifa ganzi. Nilifurahi kuwa na mahali panaponiuma.

Mara moja tu niliacha mgongo: aliposema anasikia kusukuma na sista hayupo. Nilikimbia ujiani nikimwita. Kwa hilo peke yake, mtu wa pembeni anafaa. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Wauguzi wengi ni watu wazuri waliochoka, nami sina ugomvi nao; lakini mahali penye shahidi, hata aliyechoka hukumbuka adabu zake.

Wakati wa kusukuma sista aliniweka upande wa kichwa. “Ukae huku. Huko kwingine ni kwangu.” Nimesoma kwamba daktari Mfaransa Michel Odent, aliyezalisha maelfu, aliamini baba hafai kuwamo, kwamba hofu yake humwambukiza mama. Simbishii, hofu yangu ningeweza kuigawa kwa jirani. Inawezekana hakuwahi kukutana na sista anayegawa kazi. Alizaliwa msichana, saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Wakamlaza kifuani kwa mamake akiwa na utelezi wake, wakawafunika wote wawili.

Nilidhani tumemaliza. Sista akaniambia ndiyo kwanza zamu yangu imeanza. Kutokwa na damu baada ya kuzaa ndicho chanzo kikubwa cha vifo vya wazazi, na hatari ni kubwa katika saa ishirini na nne za kwanza, wakati ambao kila mtu anamtazama mtoto. Kwa hiyo wewe mtazame mama. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, akijisikia kizunguzungu, akibadilika rangi, piga kelele. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimtazama mke wangu akilala, jambo ambalo kwa kawaida ukilifanya mwanamume utaulizwa una nini.

Kulipokucha nilimpigia mama mkwe, aliyeko Kandara. Kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe mambo ya uzazi. Huwa namsalimu tukiwa hatua tatu. Nilimwambia tu, “Mama, tumepata mgeni.” Akauliza alikuwa na nani usiku. Nikasema, mimi. Simu ilikaa kimya. Kisha nikasikia ngemi, hafifu, simu ikikwaruza. Sikuhesabu zilikuwa ngapi. Siku ya pili alifika na sufuria ya njahi, akanipita mlangoni, halafu akarudi hatua mbili akanipa mkono.

Mwezi uliopita, kwenye steji ya boda hapo Kimbo, kijana anayenibebaga nikichelewa aliniambia mke wake amebakiza wiki tatu. Mamake yuko Busia, hatakuja kwa sababu ya kupanda mahindi. Aliuliza kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie, kama ni kweli niliingia. Nikasema kweli. Akatazama kushoto na kulia.

“Sasa mkono unauweka wapi, mwalimu?”

Nikashuka, nikamwambia ashikilie usukani, nikamwonyesha kwenye kiti cha pikipiki yake, upande wa nyuma, pale sponji inapokuwa ngumu. Si kwa vidole. Kisigino cha kiganja. Akajaribu. Nikamwambia, “Nguvu.”